Nati za Gurudumu Zikazwe Kiasi Gani?

*“Ninaishi Mtwara mjini na ninaendesha Toyota RAV4 ya mwaka 2003 yenye rimu za aloi. Mwezi uliopita nilipata pancha nikielekea Masasi, kilomita chache baada ya Mingoyo. Nati nne za gurudumu la nyuma kushoto zilifunguka baada ya kijana mmoja kusimama juu ya wilispana. Ya tano ilikatika pamoja na stadi yake, ile boliti inayofungiwa nati. Gurudumu hilo lilikuwa limefungwa wiki mbili kabla na fundi ambaye huchomeka bomba kwenye spana na kulirukia, akisema barabara zetu zinataka nati zilizokazwa kikwelikweli. Fundi wa pancha aliyenisaidia njiani alipaka oili kwenye stadi zilizobaki ‘ili siku nyingine zisisumbue’. Jirani yangu, aliyewahi kuendesha lori, ananionya kwamba nati za upande wa kushoto hujifungua zenyewe, kwa hiyo nisikubali zikazwe kidogo. Wengine wanasema kipo kipimo maalumu. Je, kipimo hicho kipo kweli, ni kiasi gani, na asiye na kifaa chake afanyeje? Na je, ninaweza kuendelea na nati nne mpaka mwisho wa mwezi?”*

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Usiendelee na nati nne mpaka mwisho wa mwezi. Zitakufikisha gereji iliyo hapo hapo mjini, kwa mwendo wa taratibu na bila mzigo, lakini hazifai kwa safari ya Masasi wala ya Lindi. Upungufu wa nati moja ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Stadi hizo nne zilikazwa na mtu yule yule, kwa bomba lile lile, siku ile ile iliyokazwa ile iliyokatika, kisha zikapakwa oili na kukazwa tena. Mwenzao amekwisha kukatika, na kwa kuzitazama kwa macho huwezi kujua zilizobaki zimeumia kiasi gani.

Kuhusu swali kuu, ndiyo, kipimo kipo, na wala si siri. Kwa gari lako ni newton-mita 103, ambazo katika vitabu vya Toyota huandikwa pia kama kilogramu-sentimita 1,050 au futi-pauni 76. Kipimo hicho huitwa torki, yaani nguvu ya kuzungusha: uzito unaoutia kwenye mkono wa spana ukizidishwa kwa urefu wa mkono huo. Nitaeleza namna ya kukifikia hata bila kifaa maalumu. Kabla ya hapo, hata hivyo, naomba univumilie nieleze nati hufanya kazi gani hasa, kwa sababu makosa yote matatu uliyoyasimulia, la bomba, la oili na la upande wa kushoto, yametoka katika kutolielewa jambo hilo moja.

Wengi wetu hudhani kwamba stadi, yaani zile boliti tano zilizosimama kwenye habu (kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake), hulibeba gari kama vigingi vinavyobeba rafu ukutani, na kwamba nati ni kizuizi tu cha kuzuia gurudumu lisichomoke. Ingekuwa hivyo, fundi wako wa bomba angekuwa na hoja, kwa kuwa kizuizi kadiri kinavyobanwa ndivyo kinavyofaa. Kinacholibeba gari ni msuguano kati ya mgongo wa rimu na uso wa habu. Nyuso hizo mbili zinapobanwa kwa nguvu kubwa haziwezi kuteleza moja juu ya nyingine, na uzito wa gari, breki na mashimo ya barabarani hupitia hapo. Kazi ya stadi ni kuvuta tu, ili nyuso hizo zibaki zimebanana.

Stadi huvutaje? Hufanya kazi kama springi. Unapokaza nati, stadi hurefuka kidogo mno, na kwa kuwa ni chuma kigumu chenye kutaka kurudi katika urefu wake, huivuta nati, na nati huikandamiza rimu. Kwa stadi ya gari lako, yenye unene wa milimita 12, torki ya newton-mita 103 kwenye hesi kavu, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo nati hupitia, huzalisha mvuto unaokaribia uzito wa kilo 4,300. Tukichukua gunia la korosho kuwa na kilo 80, stadi moja huvuta kama magunia zaidi ya 50 yaliyoning'inizwa juu yake, na zote tano hulibana gurudumu kwa uzito wa zaidi ya tani 21. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa mvuto wote huo stadi hurefuka kwa takriban sehemu sita za mia za milimita, yaani pungufu ya unene wa karatasi ya daftari. Naomba uukumbuke unene huo wa karatasi, kwa sababu nitaurudia.

Kila springi ina mpaka wake. Ukiivuta ndani ya mpaka, hurudi. Ukiipitisha, hubaki imelegea na haivuti tena kama mwanzo. Sasa tulipime bomba la fundi wako. Mtu wa kilo 70 akitia uzito wake wote kwenye ncha ya bomba lenye urefu wa mita moja hutoa torki ya newton-mita zinazokaribia 690. Hata akitia theluthi moja tu ya uzito huo, amekwisha kuzidi kipimo mara mbili. Wilispana fupi inayokuja na gari haikufanywa fupi kwa ubahili wa kiwanda; urefu wake unamwezesha mtu wa kawaida, akivuta kwa mkono, kufika karibu na kipimo bila kukipita kwa mbali. Kijana aliyesimama juu ya spana hiyo ili kufungua hana lawama, maana alikuwa akilipa deni la mwenye bomba. Lakini kusimama juu yake wakati wa kukaza ni kosa: kwa mkono wa sentimita 30, mtu huyo wa kilo 70 hutoa newton-mita 206, ambazo ni maradufu ya kinachotakiwa.

Kwa hiyo nati iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuwa dhaifu kuliko iliyokazwa kwa kipimo. Stadi iliyopitishwa mpaka wake imekwisha kunyofolewa uhai wake, hesi zake zimevutika, na siku moja hukatika, ama mkononi mwa anayefungua kama ilivyokutokea, ama barabarani. Madhara mengine hujitokeza polepole: matundu ya rimu ya aloi hukandamizwa na kupoteza umbo, na diski ya breki iliyobanwa upande mmoja zaidi ya mwingine inaweza kupinda kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, ukaanza kusikia usukani ukitetemeka kila unapokanyaga breki. Nimeona watu wakibadilisha diski mara mbili katika mwaka mmoja bila mtu yeyote kuuliza nati hukazwa namna gani.

Hata hivyo nisingependa uondoke hapa ukiwa umeogopa kukaza. Nati iliyolegea ni hatari zaidi, na hudhuru kwa haraka. Mvuto wa stadi ukipungua, rimu huanza kuteleza kwenye habu kwa kiasi kidogo mno kila gurudumu linapozunguka. Mtelezo huo huisukuma nati huku na huku mpaka ianze kujifungua yenyewe, na wakati huo huo huipinda stadi na kuinyoosha maelfu ya mara, kama mtu anavyoukunja waya huku na huku mpaka ukatike. Ndiyo maana stadi iliyokatika haithibitishi peke yake kwamba ilikazwa mno. Stadi nyingi hukatika kwa sababu zililegea. Katika kisa chako, kwa kuwa ilikatika wakati wa kufungua na nati zote zilikuwa ngumu kupindukia, sina shaka kubwa juu ya bomba.

Hapo pia lipo jibu kwa jirani yako. Hakutunga habari hiyo. Malori kadhaa ya zamani yalitengenezwa yakiwa na hesi za kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, kwa hofu kwamba mzunguko wa gurudumu ungezifungua nati za kawaida, na dereva wa zamani lazima alikutana nayo. Gari lako lina hesi za kawaida pande zote mbili, na kinachoizuia nati isijifungue ni mvuto wa stadi. Mvuto ukiwa sawasawa, upande wa kushoto hauna upungufu wowote. Ukiwa haupo, hata wa kulia utafunguka. Ushauri wa jirani ni mwema kwa nia yake, ila umekuja kwenye gari lisilo lake.

Sasa oili. Fundi wa pancha alikuwa na huruma, na ukweli ni kwamba nati zenye oili hufunguka kwa urahisi. Tatizo lake ni tofauti na lile linalosemwa na wengi, kwamba oili huifanya nati iteleze na kufunguka njiani. Unapokaza nati kavu, takriban sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yako ndiyo inayoivuta stadi. Sehemu tisa zilizobaki huishia kwenye msuguano, nusu nzima chini ya nati na nyingine kwenye hesi. Kipimo cha 103 kimepangwa kwa kuzingatia upotevu huo. Ukipaka oili, msuguano hupungua, na nguvu ambayo ingepotea huingia kwenye stadi. Torki ile ile ya 103 inaweza kuzalisha mvuto uliozidi kwa robo, au hata kwa theluthi na zaidi, na wewe uliyeshika spana hutahisi tofauti yoyote. Toyota wenyewe hukataza katika kitabu cha gari kupaka oili au grisi kwenye stadi na nati. Zifute stadi zako kwa kitambaa chenye thina kidogo, fanya hivyo na ndani ya nati, kisha ziache zikauke.

Utaniuliza: na kutu je? Ni swali la haki kwa mtu wa Mtwara, ambako hewa ya bahari huingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Dawa ya kutu kwenye stadi ni brashi ya waya, na nati isiyoweza kuzungushwa kwa vidole baada ya kusuguliwa vizuri ibadilishwe, maana nati ya gurudumu si ghali kiasi cha kuibembeleza. Kutu inayonisumbua mimi zaidi ni ile ya uso wa habu na mgongo wa rimu, ambayo mafundi wengi huipita bila kuitazama. Kila gurudumu linapotolewa, sugua nyuso hizo mpaka ziwe laini. Ukitaka rimu ya aloi isigandie habu, paka grisi nyembamba kama unayepangusa kidole kwenye ule mduara wa katikati tu ambako rimu hujichomeka, pasipo kugusa nyuso zinazobanana wala stadi.

Hapa narudi kwenye karatasi ya daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilizipaka rangi rimu za chuma za pikapu yangu mwenyewe, kwa brashi, tabaka tatu za rangi nzito ya mafuta, nikapaka mpaka kwenye matundu ya nati kwa kuwa niliona zinapendeza. Nilizikaza vizuri kabisa. Siku iliyofuata nilipandisha kuelekea Newala, na nilipoipita Nanyamba nikasikia mlio wa kugonga kutoka nyuma, wa polepole, unaofuata mzunguko wa gurudumu. Nilisimama na kukuta nati tatu zinazunguka kwa vidole. Hakuna aliyezilegeza. Rangi ilikuwa imesagika chini ya nati, na unene uliosagika ulitosha kumaliza urefu wote uliokuwa umevutwa kwenye stadi, kwa sababu urefu wenyewe, kama nilivyosema, haufiki unene wa karatasi. Mchanga ulionaswa kati ya rimu na habu, ganda la kutu na tope kavu hufanya kazi ile ile. Tangu siku hiyo siweki rangi mahali ambapo chuma hubanana na chuma.

Kwa sababu hiyo hiyo nati hukaguliwa upya baada ya kufungwa. Hata penye usafi mkubwa, nyuso hukaa sawasawa baada ya kutembea kidogo, na mvuto hupungua kiasi. Kanuni ya kawaida ni kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Mtu wa Mtwara aliyefunga gurudumu asubuhi na kuelekea Lindi au Masasi ana bahati, kwa kuwa Mingoyo iko ndani ya umbali huo huo. Asimame pale, ale korosho zake, aache magurudumu yapoe, kisha ajaribu kila nati kwa kipimo kile kile bila kuilegeza kwanza. Ikisogea kidogo ndipo ikaze, hiyo ni kawaida. Ikisogea robo mzunguko, au ikasogea tena kwenye ukaguzi wa pili, kuna kitu kinachosagika au stadi inayoendelea kuvutika, na safari isiendelee kabla ya kuchunguzwa.

Twende kwenye vifaa. Spana ya torki ni spana ndefu yenye mkono unaopangwa kwenye namba. Nati ikifika kipimo, spana hutoa mlio wa “tak” na kutikisika mkononi. Kwa magari madogo, ile ya nusu inchi yenye uwezo wa kufika newton-mita 200 hutosha. Ishike kwenye mpini wake, ivute polepole, na ukisikia mlio mara moja, acha. Wanaopenda kuirudia mara tatu “kwa uhakika” huongeza kidogo kila mara. Usiitumie kufungulia, usiichomeke bomba, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, ili springi iliyo ndani isichoke.

Lipo tego moja ambalo hata baadhi ya gereji zenye spana hiyo hunaswa nalo. Fundi hufunga nati kwa mashine ya upepo mpaka mwisho, kisha huleta spana ya torki mbele yako, huipanga 103, huivuta, “tak”, na kila mtu huridhika. Mlio huo umeeleza tu kwamba nati haiko chini ya 103. Ikiwa mashine iliifikisha 250, spana italia vile vile, tena papo hapo bila nati kusogea hata kidogo. Kwa hiyo, ukiona spana inalia kabla nati haijasogea, omba nati hiyo ilegezwe na kukazwa upya kwa mkono. Hakuna haja ya kumvunjia fundi heshima yake. Mwambie mapema, kabla hajaanza, “Fundi, naomba nati uzimalizie kwa mkono,” na wengi watakubali bila neno.

Na asiye na spana ya torki? Hapa sisi watu wa pwani ya kusini tuna kifaa ambacho hatukihesabu: mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayopimia samaki sokoni na mizigo midogo ya korosho. Newton-mita 103 ni sawa na kilo 10.5 zinazovutwa kwenye mkono wa mita moja. Pima kwa rula au futi ya fundi cherehani umbali kutoka katikati ya nati hadi mahali utakapoitia ndoano kwenye mkono wa spana, kisha gawanya 10.5 kwa umbali huo ukiwa katika mita. Mkono wa sentimita 35 unataka kilo 30. Wa sentimita 50 unataka kilo 21. Wa sentimita 25 unataka kilo 42, na huo wa mwisho utakutoa jasho. Elekeza mkono wa spana upande wako wa kushoto ukiwa umelala sambamba na ardhi, tia ndoano, na uvute mizani kwenda juu wima, polepole bila kushtua, mpaka mshale ufike kwenye namba yako. Ni lazima mvuto na mkono wa spana vifanye pembe mraba. Ukivuta kwa mshazari, mizani itasema 30 na nati itakuwa imepata pungufu.

Je, njia hii ni sahihi kama spana ya torki? Hapana. Mizani ya sokoni ina tabia zake, na mkono wako utatetemeka. Lakini kukosea kwa kilo mbili au tatu katika 30 ni jambo dogo mno ukilinganisha na kukosea mara mbili au mara tatu kwa bomba, na faida yake nyingine ni kwamba ukishaifanya kwenye nati tano, mwili wako utaikumbuka 103 ilivyo. Wengi hushangaa kuona ni ndogo kiasi gani. Ukiwa njiani usiku bila mizani wala spana ya torki, vuta wilispana ya gari kwa mikono miwili kwa nguvu yako ya kawaida, miguu ikiwa chini, kisha tafuta kipimo halisi ukifika mjini.

Namna ya kufunga yenyewe haina mambo mengi, ila mpangilio wake usirukwe. Anzisha kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya kugusa spana. Nati iliyoingia upande huharibu hesi kimyakimya. Gurudumu likiwa bado juu ya jeki, zibane kidogo kwa kurukaruka kama unayechora nyota: ukianzia nati ya juu, ruka iliyo jirani yake na uiendee inayofuata, mpaka zote tano ziguswe. Mpango huo huiwezesha rimu kukaa wima kwenye habu. Ukifuata mduara, upande mmoja hubanwa kabla ya mwingine na rimu hukaa mshazari huku nati zikionekana zimekaza. Shusha jeki mpaka tairi iguse ardhi kiasi cha kutozunguka, kaza kwa awamu, kwa mfano 40, kisha 70, kisha 103, kwa nyota ile ile, ndipo uliachie gari lote chini.

Wenye magari mengine wasiichukue 103 kama yao. Corolla na magari mengi madogo ya Toyota hutumia namba hiyo hiyo, lakini Land Cruiser huhitaji zaidi ya newton-mita 130, na zile zenye rimu za chuma za kazi ngumu huvuka 200. Kitabu cha gari ndicho cha kuaminiwa. Nati nazo zioane na rimu: rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za chuma na aloi nyingi za kununua madukani hutaka nati yenye ncha ya koni. Koni kwenye tundu la washa, au washa kwenye tundu la koni, hugusa sehemu ndogo tu ya chuma, na hapo torki sahihi haitakusaidia kitu.

Turudi kwenye gurudumu lako la nyuma kushoto, ambalo sasa linahitaji mkono wa fundi na si ushauri wa maandishi. Mimi ningebadilisha stadi zote tano za gurudumu hilo, siyo moja. Kama fedha ni ngumu, angalau zile mbili zilizopakana na iliyokatika zibadilishwe, na tatu ndizo kiwango cha chini kabisa nitakachokubaliana nacho. Zitakazobaki zijaribiwe: zungusha nati kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho wa hesi, na ikigoma mahali pamoja ambapo pameshasafishwa, hesi zimevutika na stadi hiyo imekwisha. Pia wakati wa kukaza, ukihisi nati inaendelea kuzunguka bila kuzidi ugumu, kama unayekaza kwenye nta, acha mara moja, kwani stadi inanyooka mkononi mwako. Rimu nayo itazamwe matundu yake. Yaliyovutika na kuwa na umbo la yai hayatengenezwi, hubadilishwa. Na kwa kuwa fundi huyo wa bomba huenda alifunga magurudumu yote manne, nati zote za gari zilegezwe moja moja na kukazwa upya kwa kipimo.

Jambo moja usilikubali hata ukiambiwa ni la muda mfupi: kuchomelea stadi iliyokatika, au kuichomelea nati juu ya kipande chake. Chuma cha stadi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea huuondoa. Stadi ya zamani hutolewa kwa kusukumwa kutoka kwenye habu, na mpya huingizwa kwa mashine ya kubana au kwa kuvutwa kwa nati na washa ngumu mpaka kichwa chake kikae kabisa. Isivutwe kwa kutumia rimu ya aloi kama kizuizi, kwani itaichimba. Unapokwenda kununua, chukua kipande kilichokatika pamoja na nati moja nzima: stadi yako ni ya milimita 12 yenye hatua ya hesi, yaani umbali kati ya mkato mmoja na unaofuata, ya milimita 1.5, na zipo nyingine za unene huo huo zenye hatua ya 1.25 ambazo nati itazianza vizuri kabisa, mzunguko mmoja au miwili, kabla ya kuzila.